Rumada: bawaba inayouachia mlango

"Fungua huo mlango wa kushoto," fundi alimwambia kijana wake katika gereji moja kando ya Barabara ya Kilwa, pale Kibiti. Kijana akashika kitasa, akavuta, mlango ukawa wazi, naye akasimama kungoja neno la pili. "Siyo hivyo, mdogo wangu. Uufungue utoke wote." Ndipo akaenda kutafuta spana.

Gari lilikuwa Land Rover kuukuu, na mwenyewe alitaka libaki wazi ubavuni, mfano wa yale yanayowatembeza watalii ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Nilikuwa nimepita tu pale nikisubiri usafiri wa kwenda Nyamisati, lakini kosa lile dogo la kijana lilinikaa kichwani njia nzima. Halikuwa kosa lake. Lugha ya gereji ndiyo iliyomwangusha.

Mafundi wetu wanafungua kila kitu. Wanafungua injini, wanafungua gia boksi, wanafungua rejeta, na hakuna anayechanganyikiwa, maana injini haina kitasa. Taabu inaanza kwenye mlango na boneti, vitu ambavyo hufunguliwa mara kumi kwa siku bila kutoka mahali pake. Hapo neno moja linabeba kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Wengine hukwepa kwa kusema kung'oa. Lakini tunang'oa jino, tunang'oa muhogo, tunang'oa mti na mizizi yake: kinachong'olewa hakitarajiwi kurudi, na ndiyo maana kitenzi hiki hakina mwenzake wa kurudishia. Mlango wa gari la wazi unatolewa leo ili urudi masika yakianza.

Yako magari yaliyoundwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani. Jeep ya vita ya mwaka 1941 haikuwa na milango kabisa. Kizazi chake cha baadaye, Wrangler, kilipewa milango inayotoka na kurudi bila kuharibu chochote, na siri yote imo kwenye bawaba. Bawaba ya kawaida, ile ya mlango wa chumbani, ina mabamba mawili na pini moja iliyozibwa humo; ukitaka kuutoa mlango lazima ulegeze skurubu za upande mmoja, au uipige pini itoke. Bawaba ya Wrangler imegawanyika. Upande wa mlango una pini inayoelekea chini, upande wa bodi una tundu linaloipokea. Mlango unakaa kwa uzito wake wenyewe, na nati ndogo chini ya pini iko pale kuuzuia usiruke barabara ikiwa mbaya. Ondoa nati, nyanyua, mlango umetoka.

Kitu hiki tukiite nini? Niliwahi kusikia "bawaba ya kuinuliwa". Istilahi hiyo inaeleweka ukishaelezwa tu, kasoro inayotosha kuikataa istilahi yoyote, na kwa asiyeelezwa inamfanya afikirie bawaba inayoinuka, kama ya boneti. Neno bawaba lenyewe ni zuri. Lina undugu na bawabu, mlinda mlango, na kweli bawaba huulinda mlango usiende popote. Lakini hii tunayoitafutia jina kazi yake ni kuuruhusu uondoke.

Jina nililipata gatini. Barabara ya gari inaishia Nyamisati; anayekwenda Maparoni anapanda chombo na kuingia kwenye mikono ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko ambayo boriti zake zimebeba dari za nyumba za Unguja na Ghuba kwa karne nyingi. Maji yalikuwa yanatoka. Mashua moja ilikuwa imesogezwa ufukoni ikae juu ya tope, na baharia mmoja alikuwa amesimama kwenye maji ya kiuno akiunyanyua usukani, wima, taratibu, hadi ukatoka mikononi mwa chuma na kulala begani kwake. Usukani ukiachwa, chombo kikikaa chini utavunjika. Maji yakijaa ataurudisha.

Nikamuuliza vyuma vile vinaitwaje. "Rumada hizo," akasema, wala hakugeuka.

Nilikaribia nikatazama. Upande wa usukani, pini inayoelekea chini. Upande wa chombo, tundu linaloipokea. Uzito wa usukani ndio unaoushikilia. Ni umbo lile lile la Wrangler, na limekuwa likifanya kazi pwani hii kabla gari la kwanza halijawashwa popote duniani. Katika Kiajemi, nar ni dume na mada ni jike, na huko Ghuba bawaba huitwa narmada. Sikio langu linaamini kuwa rumada yetu ni mtoto wa neno hilo. Ikiwa ndivyo, basi lilikuwa limeshaeleza muundo wake tangu awali: pini ni dume, tundu ni jike. Mafundi wa umeme wa magari wanasema hivyo hivyo hadi leo kwa plagi, hii dume, ile jike, pasipo kumuuliza mtu.

Kuna atakayesema rumada ni neno la mabaharia, na fundi wa Dodoma hajawahi kuliona jahazi. Huyo fundi wa Dodoma ashikapo gari anashika usukani. Neno hilo lilikuwa la chomboni, ubao wa nyuma unaokata maji, kabla ya kupanda kwenye gari na kuwa gurudumu lililo mbele ya dereva. Hakuna aliyelalamika kuwa lina chumvi. Wanaokusanya istilahi, BAKITA tangu 1967 na wengine vyuoni, wameyapokea mengi ya Kiingereza yaliyokwisha kuzoeleka gereji: klachi, bampa, kabureta. Sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni kuona tunakopa ng'ambo, au tunaunda kirefu cha maneno matatu, huku neno kamili linafanya kazi kila maji yakipwa umbali wa saa chache kutoka gerejini.

Tukishapata rumada, kitenzi kiko karibu. Kiswahili kina jozi ambazo mwisho wa neno hutendua lililotendwa: funga na fungua, bandika na bandua, chomeka na chomoa. Kwa mlango wa rumada nachagua pachika na pachua. Kinachopachikwa hukaa mahali palipoandaliwa kukipokea, na kinachopachuliwa hutoka kikiwa kizima, na mahali pake pamebaki. Sasa fundi anaweza kusema "fungua mlango kisha uupachue", na kijana hatasimama kungoja.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa maneno hayo, maana istilahi isiyoweza kubeba maelekezo haifai. Shusha kioo kwanza. Chomoa soketi ya nyaya zinazoingia mlangoni na ufungue mkanda unaouzuia usipitilize. Wengi husahau hivi viwili na kukata waya. Ondoa nati za rumada zote mbili. Uache mlango wazi nusu, watu wawili waushike, muunyanyue wima bila kuuyumbisha, kwa sababu ukilala upande pini itabana na kukwaruza rangi. Wakati wa kupachika, futa mchanga kwenye pini, paka grisi, kisha lenga rumada moja kwanza, halafu ya pili. Waundaji wa mashua ndogo katika nchi nyingi huifanya pini ya chini iwe ndefu kidogo kuliko ya juu, ili mtu aliye majini asilazimike kulenga matundu mawili kwa wakati mmoja. Kaza nati baada ya mlango kukaa sawa, siyo kabla.

Na ukiipachua milango ya Wrangler ujue vioo vya pembeni vimeondoka nayo, kwa kuwa vimefungwa juu yake. Weka vingine kwenye bodi kabla ya kuingia barabarani, na abiria wote wafunge mikanda.