Matone ya polio: kwa nini mtoto hupewa mara nyingi?

Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale, kampeni ya chanjo inapotangazwa wazazi huuliza: "Mtoto wangu amekwisha kupewa matone mara tatu. Kwa nini wanarudi tena?" Wengine hufikiri dawa ni mbovu, wengine wamesikia kwamba inaharibu uzazi. Swali lao ni la haki, na jibu lake limo ndani ya tumbo la mtoto.

Matone yanafanya nini mwilini?

Virusi vya polio huingia kwa kinywa, kupitia maji au mikono yenye uchafu wa choo, kisha huzaana ndani ya utumbo. Wengi hawaoni dalili. Lakini mtu 1 hivi kati ya 200 walioambukizwa hupooza, mara nyingi miguu, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Chanjo ya matone (VPO), iliyotokana na kazi ya daktari Albert Sabin, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Navyo hupita njia ile ile ya utumbo, na mwili hujifunza kuvitambua. Hapo kinga mbili hujengwa. Ya kwanza iko katika damu, na huzuia virusi kufika kwenye uti wa mgongo. Ya pili iko katika ukuta wa utumbo, na hupunguza virusi vinavyotoka kwa kinyesi. Ya kwanza inamlinda mtoto wako; ya pili inamlinda hata mtoto wa jirani. Sindano (VPI) ya wiki ya 14 huimarisha kinga ya damu, lakini peke yake huukinga utumbo kidogo tu.

Kwa nini dozi moja haitoshi?

Ili kinga ijengwe, ni lazima virusi vya chanjo vishike tumboni. Kuhara, virusi vingine vilivyomo utumboni, utapiamlo, na kinga ambayo mtoto mchanga alipata kwa mama yake, vyote vinaweza kuvizuia. Ndiyo maana katika nchi za joto na maji machafu kila dozi hushika kwa watoto wachache kuliko Ulaya.

Kwa hiyo VPO hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na tena wakati wa kampeni. Mkulima wa maharagi hurudia kupanda mashimo ambayo hayakuota, hang'oi yaliyoota. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto aliyekwisha kupata kinga, wala haigusi uzazi.

Hatari iko wapi leo?

Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho nchini Kongo mwaka 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru nayo. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi dhaifu vya chanjo vinaweza kupita kwa muda mrefu kutoka mtoto hadi mtoto, vikapata nguvu tena na kupoozesha. Mlipuko wa namna hiyo ulitangazwa mwaka 2017 katika Haut-Lomami na Maniema, jimbo linalopakana na Walikale. Kukataa chanjo hakuuzimi moto huo, bali huuongezea kuni.

Tufanye nini?

- Ukikimbia vita, beba kadi ya chanjo. Ikipotea, nenda hata hivyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu.
- Endelea kunyonyesha; maziwa ya mama hayakatazwi.
- Mtoto akitema au kutapika mara moja, au akiwa anahara, mwambie muuguzi.
- Kichupa kina alama ya mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa na rangi sawa na duara au nyeusi zaidi, chanjo imeharibiwa na joto, isitumiwe. Mzazi ana haki ya kuomba kuiona.
- Wachungaji, tangazeni siku za chanjo ibadani, na mwulize ni familia zipi za wakimbizi hazijafikiwa.

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano mlezi wake alipokimbia naye kwa haraka. Alianguka, akalemaa miguu (2 Samweli 4). Daudi alimpa nafasi mezani pake, na watu wenye ulemavu wana nafasi hiyo kati yetu. Lakini ulemavu unaoweza kuzuiwa kwa matone mawili, yakirudiwa kwa wakati wake, tusimwachie mtoto yeyote.