Bubu, dala na mwendokasi: usafiri wa Dar es Salaam katika maneno ya abiria wake

Anayetaka kujua jinsi usafiri wa umma unavyojenga ujirani wa watu mjini, twadhani ni heri asianzie kwenye hesabu za wahandisi bali kwenye maneno ya abiria. Katika kurasa hizi tumechagua Dar es Salaam, si kwa kuwa ni mji bora kuliko mingine, bali kwa sababu huko abiria, kondakta na serikali wamezungumza Kiswahili kimoja, hata kila badiliko la usafiri likaacha neno lake nyuma.

Ukoloni uliuacha mji huo ukiwa vipande vitatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Kariakoo na mitaa ya biashara paliachwa uwazi wa Mnazi Mmoja, jambo ambalo msomaji wa Lubumbashi hatalistaajabia akikumbuka ardhi tupu iliyoitenga Elisabethville ya Wazungu na Kamalondo. Watu walitengwa makusudi, lakini kazi zao hazikutengwa. Kila asubuhi ilibidi uwazi ule uvukwe. Kampuni ya mabasi ya wakati huo, iliyojulikana kwa herufi DMT, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 iligawanywa: KAMATA ikapewa safari za mikoani, na mji ukapata shirika lake, Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Jina hilo lastahili kuangaliwa. Halimtaji mwenye mali wala aina ya gari. Lataja tendo lenyewe na mji wake, kana kwamba kusafiri ni haki ya mkazi kama maji ya bomba.

Ahadi iliyomo katika jina haikudumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Uganda vya 1978–1979 vikala fedha za kigeni, vipuri vikakosekana, na mabasi yakalala gereji huku mji ukizidi kupanuka. Magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kubeba abiria kwa nauli, nayo yalibeba. Wakazi waliyaita teksi bubu. Gari hilo halina maandishi, halina kibao, dereva wake haiti mtu. Abiria naye akiulizwa na askari husema amepewa lifti na ndugu. Twaona hapa hasara isiyoingia katika daftari lolote: watu waliokaa goti kwa goti walilazimika kuongopa kuhusu uhusiano wao.

Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu magari ya watu binafsi, na bubu akapata sauti. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala. Ndipo likazaliwa neno daladala. Mwanafunzi wa isimu ataitambua mara moja ile kurudufisha ya kugawa, kama tusemavyo mmoja mmoja: kila kichwa dala yake. Tukiliweka neno hili kando ya UDA tutaona umbali uliopitwa katika miaka tisa, kutoka tendo la kusafiri hadi bei yake. Hatusemi hivyo kwa kulilaumu daladala, maana ndilo lililouokoa mji. Baadhi yake yalikuwa pikapu zilizofungwa mabenchi marefu, abiria wakitazamana kama wateja wa mgahawa. Watu wakayaita chai maharage. Asiyependa kuzungumza na mgeni alikuwa na safari ndefu.

Hata hivyo kazi kubwa ya daladala, kwa maoni yetu, ilikuwa kuutaja mji. Vitongoji vilikua haraka kuliko ramani, na kondakta alihitaji neno fupi la kupigia kelele. Hivyo yakaenea majina ya vituo: Buguruni Sheli, palipokuwa na kituo cha mafuta, Manzese kwa Mfuga Mbwa, Mtoni kwa Azizi Ali. Kihusishi hiki *kwa* hakiulizi kama mwenyeji bado yupo. Msomaji wa Kongo atafurahi kusikia kwamba Sinza kuna kituo kiitwacho Kwa Remmy, kwa ajili ya mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki huko mwaka 2010. Mtu huyu wa Maniema hakuandikiwa barabara na halmashauri yoyote kwanza, jina lake lilikaa vinywani mwa makonda, wakiuliza "Kwa Remmy wapo?" na sauti kutoka nyuma ikijibu "Shusha!"

Ila si kila mtu alishiriki katika ujirani huo. Mwenye gari alidai hesabu yake kila jioni, kiasi kisichopungua. Dereva na kondakta waliishi kwa kinachobaki. Mwanafunzi wa shule, ambaye sheria ilimpa nauli ndogo, akawa hasara yenye sare. Kondakta aliruhusu mmoja au wawili, akawasukuma wengine. Watoto walisimama kituoni hadi kipindi cha kwanza kikapita, na walimu na wazazi walisema mara nyingi juu ya wasichana walioishia kupokea lifti za wanaume, na gharama ya lifti hizo. Hapa ndipo twaona kipimo cha usafiri mwema: je, yupo mtu mlangoni mwenye faida katika kuchagua nani aingie?

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi makubwa yalianza kupita katika njia yao wenyewe, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, jumla ya kilomita zipatazo 21. Serikali iliyaita mabasi yaendayo haraka. Watu wakakifupisha kishazi hicho kirefu kuwa mwendokasi. Tiketi ilikatwa kituoni kabla ya kupanda: shilingi 650 kwa mtu mzima katika njia kuu, 200 kwa mwanafunzi. Mlangoni hapakuwa tena na kondakta, na mtoto mwenye sare akaingia kama abiria mwingine. Vibao vya vituo navyo vilibeba majina yaleyale ya mitaani, Bucha, Baruti, Mwembechai, safari hii yakiwa yameandikwa kwa rangi ya serikali.

Baadaye mabasi hayakutosha. Kimara asubuhi watu walionekana wakiingia kwa madirishani, na katika msukumano huo mwenye miaka kumi na begi mgongoni hana mabega ya kushindana. Tiketi yake ya shilingi 200 alikuwa nayo mkononi.