Ukombozi: nani alilipwa?

Shangazi yangu aliwahi kuweka cherehani yake rehani kwa jirani ili apate ada ya mtoto. Miezi kadhaa baadaye alikwenda kuhesabu noti mkononi mwa yule jirani, akarudi na neno moja: "Nimeikomboa." Hakusema ameinunua. Cherehani ilikuwa yake tangu mwanzo, hata ilipokuwa imefunikwa khanga sebuleni kwa watu.

Ukitaka kulielewa neno ukombozi katika Biblia, anzia hapo kabla hujafika mimbarini. Kukomboa kunataka kitu chenye mwenyewe, mtu aliyekishikilia, na gharama ya kukirudisha. Kiebrania kina neno goel: ndugu wa karibu mwenye wajibu wa kurudisha shamba lililouzwa kwa shida, au kumtoa utumwani ndugu aliyejiuza. Sheria yake imo Mambo ya Walawi 25, na Boazi anaitekeleza katika kitabu cha Ruthu. Anayekomboa ni wa ukoo. Mgeni hununua tu.

Wagiriki nao walikuwa na lutron, fedha ya kumtolea mateka au mtumwa, na kutokana nayo apolutrosis, neno ambalo Paulo analitumia kwa kazi ya Kristo. Kwa Kiswahili apolutrosis likawa ukombozi, na lutron la Marko 10:45 likawa fidia. Askofu Edward Steere, mmoja wa wafasiri wa mwanzo wa Agano Jipya kwa Kiswahili, alifanya kazi Zanzibar, na kanisa kuu lake lilijengwa Mkunazini, pale pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni yake walikuwamo watoto walioshushwa kutoka majahazi ya watumwa. Kwao bei ya mtu haikuwa tamathali ya semi.

Sasa, kama kuna malipo, nani alipokea? Mwanatheolojia Origen, katika karne ya 3, alijibu kwamba ni Ibilisi, maana ndiye aliyetushikilia. Gregorio wa Nazianzo, karne moja baadaye, alikasirika: mnyang'anyi alipwe, tena malipo yawe Mungu mwenyewe, kwa mali aliyoiba? Anselm, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, aliligeuza swali. Aliyekosewa ni Mungu, kwa hiyo deni hulipwa yeye.

Kiswahili kimeingia katika ubishi huu bila kukusudia, kupitia neno fidia. Leo ukilitaja, watu wengi wanaona alama ya X nyekundu ukutani: barabara inapita, mthamini amehesabu vyumba na miembe, mwenye nyumba anasubiri. Fidia hulipwa aliyepata hasara. Hata katika fikihi ya Kiislamu, mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kulisha maskini. Hakuna mateka anayefunguliwa hapo. Kwa hiyo msikilizaji wa Marko 10:45 anamsikia Anselm, ingawa hajawahi kusikia jina lake. Ningekuwa kwenye meza ya wafasiri, ningelipigania neno kikombozi, lile la habari za watekaji. Huenda ningeshindwa, kwa kuwa linanuka msitu na simu za usiku. Lakini lutron nalo lilinuka hivyo hivyo.

Ukombozi wenyewe umepata maisha mengine. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kizazi kizima kikajifunza kwamba kukomboa ni kupigana. Hakuna aliyekwenda Lisbon na mfuko wa fedha kuinunua Msumbiji. Wapo wahubiri wanaolalamika kwamba siasa imeliharibu neno. Siafiki. Katika Kutoka 6 Mungu anaahidi kuwakomboa Israeli, na Farao haambulii hata senti. Gharama ipo, ila haiendi kwa aliyewashikilia.

Kuna jambo la mwisho, nalo linawahusu wanaoumwa na waliofiwa. Katika Waefeso 1:7 ukombozi tunao tayari, pamoja na msamaha wa dhambi. Katika Warumi 8:23 neno hilo hilo, apolutrosis, bado linangojewa: viumbe vyote vinaugua, na waumini pamoja navyo, wakisubiri miili yao ikombolewe. Wapo wanaoziona aya hizi mbili kuwa zinapingana.

Shangazi alilipa Jumatano. Mkokoteni wa kuibebea cherehani ulipatikana Jumamosi. Siku zile za katikati, mteja akiuliza, alijibu kwamba imeshakombolewa, huku amekaa mlangoni akishona pindo la sare kwa mkono, kidole kimechomwa na sindano.