Sotoka na Kumbukumbu ya Damu

Nilipoanza kazi ya bwana mifugo miaka ya 1980, mzee mmoja bomani alinisimulia habari za ng'ombe wa baba yake aliyepona sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe. "Huyo haimrudii tena, mwanangu," akasema. Hakuwahi kukaa darasani, lakini alisema kweli: mwili ukishapambana na virusi hivyo, damu haisahau.

Somo hilo lilinunuliwa ghali. Sotoka ilipoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ng'ombe walitokwa machozi mazito, midomo ikajaa vidonda, wakahara hadi kufa. Wamaasai walipoteza karibu ng'ombe wao wote, njaa ikafuata.

Miongo kadhaa baadaye, huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walivikuza virusi katika chembe za figo za ndama, mara kwa mara, takriban mizunguko 90, hadi vikapoteza makali, ila mwili uliendelea kuvitambua. Hivyo wakapata chanjo, na dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote.

Mimi nilibeba chanjo hiyo ndani ya kasha la barafu begani, nikavuta ngozi ya shingo, nikadunga, nikapiga alama sikioni. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Siku hiyo nilimkumbuka yule mzee.