Shule ipi imewapita wenzake?

Ukiwa Mkula, kwenye barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, matokeo ya kidato cha nne yakitoka watu hawakosi kuulizana: shule yetu imewapita majirani? Swali la kawaida, ila si la zamani sana.

Ili ulinganishe shule za wilaya moja, lazima kwanza ziwepo. Zamani mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari mara nyingi alipelekwa bweni, mbali na kwao; wengi hawakuchaguliwa kabisa. Mpango wa MMES, ulioanza 2004, ndio uliosambaza shule za kata. Sasa majirani wakawa wanafanya mtihani uleule wa NECTA, na mashindano yakaanza.

Halafu ikaja Februari 2013. Matokeo ya 2012 yalionyesha takriban watahiniwa 6 kati ya 10 wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Mwaka huohuo Serikali ikaanzisha Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kutangaziwa nafasi zao, hadi ndani ya wilaya.

Je, ilisaidia? Cilliers, Mbiti na Zeitlin walichunguza shule za msingi. Zile za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Lakini pia wanafunzi walipungua darasa la saba. Yaani baadhi waliondolewa kabla ya mtihani!

Hapo ndipo hesabu inapodanganya. Tuchukue mfano wa kubuni: shule mbili, kila moja imepokea watoto 120 kidato cha kwanza. Ya kwanza inafikisha 60 kwenye mtihani, wanafaulu 45: asilimia 75. Ya pili inafikisha 100, wanafaulu 65: asilimia 65. Utaisifu ya kwanza, si ndiyo? Sasa gawa kwa wale 120. Ya kwanza inabaki na asilimia 37.5, ya pili 54.

Na bonde hili lina sababu zake za watoto kupotea njiani. Msimu wa mpunga wazazi wengine huhamia shambani kwa miezi, mtoto akabaki nyumbani anajipikia mwenyewe. Mwalimu mkuu hana dawa ya hilo, lakini linaingia kwenye nafasi ya shule yake.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Watu wanaendelea kujipigia hesabu wenyewe, na sioni ubaya. Ila kabla hujamhamisha mwanao, uliza walioanza kidato cha kwanza miaka minne iliyopita walikuwa wangapi. Namba hiyo huikuti kwenye ukurasa wa matokeo. Iko kwenye daftari la uandikishaji, pale shuleni.