Kutoka Frasila hadi Ekseli: Njia ya Makongolosi

Mlima wa kutoka Mbeya kwenda Chunya huziba masikio. Basi hupanda kwenye ukungu, kisha huteremka kwenye joto la miombo hadi Makongolosi. Ni njia ya dhahabu hii. Dhahabu ya Lupa, huku Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na mji wa Mbeya ukaanzishwa 1927 kwa sababu yake.

Kabla ya malori, mzigo ulipimwa kwa bega. Misafara ya pwani ilitumia frasila, karibu kilo 16, na mpagazi alibeba kama frasila mbili. Kipimo hicho kilieleweka Bagamoyo pwani na kilieleweka Unyanyembe bara. Malori yalipokuja, kila nchi ikaweka cha kwake: tani 56 zilizokuwa halali Tanzania zilikuwa kosa Kenya, ambako kikomo kilikuwa tani 48.

Nchi inayoomba kuingia Umoja wa Ulaya hulinganisha kwanza sheria zake za usafirishaji na za Umoja, ndipo ipokelewe. Sisi wa Afrika Mashariki tulianza na undugu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuka mwaka 2000, lakini sheria yake ya kudhibiti uzito wa magari ilitungwa 2016, na Tanzania ikaanza kuitumia 2019. Kikomo cha lori zima sasa ni tani 56, na ekseli moja ya matairi manne hairuhusiwi kuzidi tani 10.

Haikuwa rahisi. Oktoba 2013 serikali ilipofuta msamaha wa uzito uliozidi hadi asilimia 5 kwenye mizani, malori yaligoma, na baada ya siku chache Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurudisha. Naamini Magufuli, waziri wa ujenzi wa wakati ule, alikuwa sahihi kutaka ufutwe. Ekseli ikizidishiwa uzito kwa asilimia 20 tu, madhara yake kwa lami hukaribia mara mbili, na anayelipa ni mkulima na mama anayewahi hospitali.

Makongolosi ilisubiri lami karibu karne nzima tangu dhahabu ionekane. Kipande cha kutoka Chunya ni kilometa 39 tu, na ni rahisi kukiharibu: mawe ya dhahabu ni mazito kuliko yanavyoonekana yakiwa kwenye viroba. Ndugu mwenye lori, usihesabu viroba. Pima ekseli kabla gari halijatoka machimboni, na kinachozidi kishushe hapo hapo.